Maumivu ya kichwa yanayokuja kwa ghafla: ugonjwa huu una jina, na una matibabu

Wiki hii tunaweka kando kidogo habari za mashamba na za likelemba. Tunataka kuzungumza juu ya jambo lililotupata wenyewe, ambalo bado linatuuma.

Wengi wenu mlifika kwenye kilio cha mwenzetu, yule aliyekuwa akiuza unga wa muhogo katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Familia yake imetuomba tusiandike jina lake, lakini imeturuhusu tusimulie yaliyotokea ili yasaidie wengine.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Aliinama kunyanyua beseni la unga, na mara akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Waliokuwa karibu naye walimsikia akisema kwamba kitu kimepasuka ndani ya kichwa chake. Alitapika, akaketi chini, akaomba afunikwe macho kwa sababu mwanga ulimchoma. Walimpeleka kwenye zahanati ya karibu. Walimpima malaria, ikaonekana, akawekewa serumu. Siku ya tatu alirudi nyumbani. Maumivu yalikuwa yamepungua, lakini shingo ilibaki ngumu, na alituambia kwamba hajawahi kuumwa kichwa namna ile tangu azaliwe.

Sisi tulimwambia apumzike. Tulimpelekea uji na ndizi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza jambo jingine.

Siku ya kumi na mbili alianguka jikoni kwake. Safari hii familia ilikopa pesa na kumfikisha kwenye hospitali kubwa, akapigwa picha ya skaneri. Daktari aliwaonyesha damu iliyotapakaa kuzunguka ubongo. Kabla ya mapambazuko, mwenzetu alitutoka.

Hata matanga hayajaisha, maneno yalianza. Ilisemekana kwamba shangazi mzee wa ukoo alikuja kumwomba pesa wiki ileile, akanyimwa, akaondoka akinung'unika. Vijana wa mtaa walikwenda kumtishia. Yule mama mzee alihama nyumba usiku, na kwa majuma kadhaa hakuonekana.

Kisha binti wa marehemu, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuja kwenye mkutano wetu wa Alhamisi. Alisimama mbele yetu akauliza: «Mama zangu, niambieni ukweli. Je, mama yangu aliuawa na mtu?»

Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile. Tulimwalika daktari mmoja anayetuhudumia kwa moyo wa kujitolea, tukamuuliza maswali mengi, tukasoma pia tulichoweza kupata. Haya tunayoandika hapa ndiyo tuliyojifunza.

Kifuko kwenye mshipa

Damu huenda kwenye ubongo kupitia mishipa minne mikubwa inayopanda shingoni, miwili mbele na miwili nyuma. Chini ya ubongo mishipa hiyo hukutana na kugawanyika kama matawi. Pale penye matawi, ukuta wa mshipa unaweza kudhoofika, na damu inayosukuma mchana na usiku huuvimbisha kidogo kidogo mpaka uwe kifuko.

Mtengenezaji wa pikipiki anaelewa jambo hili upesi. Mpira wa ndani ukichakaa mahali pamoja, hapo ndipo unapotoa uvimbe ukijazwa upepo. Unaweza kutembea nao siku nyingi bila kujua. Siku ukipasuka, hutoi taarifa mapema.

Kifuko hicho madaktari wanakiita anevrizimu. Kwa kawaida ni kidogo tu, kama punje ya mahindi au njugu. Inakadiriwa kwamba watu wazima 3 hivi kati ya 100 wanacho, na walio wengi watazeeka na kufa kwa sababu nyingine bila kujua kwamba walikuwa nacho. Lakini kikipasuka, damu humwagika kwa nguvu kwenye nafasi nyembamba inayouzunguka ubongo. Katika watu wanaovuja damu mahali hapo bila kupigwa wala kuanguka, takriban 85 kati ya 100 chanzo ni anevrizimu.

Ugonjwa huu huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa baada ya miaka hamsini. Mambo yanayouongezea nguvu yanajulikana: tansiyo iliyo juu na isiyotibiwa, sigara, ulevi, na damu ya ukoo. Mwenye ndugu wa karibu wawili au zaidi waliopatwa na ugonjwa huu anashauriwa kupimwa. Kuna pia ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko vingi vya maji, na wenye ugonjwa huo hupata anevrizimu mara nyingi zaidi.

Hakuna kitu kilichotupwa kichwani kutoka nje. Ni mshipa wa mtu mwenyewe uliochoka.

Kichwa hiki si kama vichwa vingine

Sote tunaumwa kichwa. Tunaumwa kwa jua, kwa njaa, kwa mawazo, kwa malaria. Daktari alitufundisha kutofautisha kwa swali moja: maumivu yalifika kileleni kwa muda gani?

Kichwa cha malaria hupanda polepole pamoja na homa. Kichwa cha mawazo hukaza tangu asubuhi mpaka jioni. Kichwa cha anevrizimu iliyopasuka hufika kileleni kwa sekunde chache, au dakika moja hivi, kama radi. Mgonjwa anaweza kukuambia alikuwa akifanya nini wakati ule ule: nilikuwa ninachota maji, nilikuwa ninapanda ngazi, nilikuwa ninasuka nywele. Na husema neno ambalo sisi tulilisikia tukaliacha lipite: sijawahi kuumwa hivi.

Pamoja na maumivu hayo huja kutapika, shingo kuwa ngumu, macho kuchukia mwanga, kifafa, au kupoteza fahamu. Wengine jicho moja hulegea na kope kuanguka.

Hapa kwetu kuna mtego. Mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria ndani ya damu na wakati huohuo awe na ugonjwa mwingine. Kipimo cha malaria kikionyesha ndiyo, tunafurahi kwamba tumepata sababu, na tunaacha kutafuta. Hatuwalaumu waliompokea mwenzetu, walitibu walichokiona. Lakini tangu sasa tunajua kwamba tunapaswa kuwaambia wahudumu wazi: maumivu haya yalianza kwa ghafla, saa fulani, akifanya kazi fulani.

Kipimo cha kwanza ni skaneri. Ikipigwa mapema, ndani ya saa 6 za kwanza, kwa mashine nzuri, ni nadra kukosa kuiona damu. Siku zikipita, damu huyeyuka na picha inaweza kuonekana safi. Hapo daktari huomba kutoa maji kidogo ya uti wa mgongo. Tunajua mitaani watu wanasema kwamba anayechomwa sindano ya mgongo hufa. Sindano hiyo huingizwa chini kabisa ya mgongo, mahali ambapo uti umekwisha. Walio wengi wanaokufa baada yake huwa wamefika hospitalini wakiwa tayari na ugonjwa mkali, kama huu au kama meninjiti. Maji yakiwa na damu, au rangi ya manjano iliyoachwa na damu ya siku zilizopita, daktari anapata jibu.

Kwa nini haraka? Kwa sababu anevrizimu iliyopasuka mara moja inaweza kuziba kwa kitone cha damu iliyoganda, kisha ikapasuka tena. Hatari ya kupasuka tena ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza, na inaendelea kwa majuma. Wengine hufa kwa mpasuko wa pili. Mwenzetu alipewa siku kumi na mbili. Ndizo zinazotuuma.

Kufungua fuvu na kubana

Kutibu maana yake ni kuzuia damu isiingie tena ndani ya kifuko. Kwa miaka mingi njia ilikuwa moja: kufungua fuvu, kuufikia mshipa kwa uangalifu, na kuweka kibanio kidogo cha chuma kwenye shingo ya kifuko, kama tunavyobana nguo kwenye kamba. Walter Dandy alifanya hivyo kwa mara ya kwanza huko Baltimore, Marekani, mwaka 1937. Njia hiyo ingali inatumika mpaka leo, na kwa vifuko vingine ndiyo inayofaa zaidi.

Lakini kufungua kichwa cha mtu ambaye ubongo wake umevimba na umejaa damu si jambo dogo. Ndiyo maana madaktari walianza kujiuliza kama wangeweza kukifikia kifuko kutoka ndani, kwa kuifuata njia ileile inayopitwa na damu.

Mwaka 1927, huko Lisbon, daktari Mreno Egas Moniz alikuwa ameonyesha kwamba ukiingiza dawa ya rangi ndani ya mishipa, unaweza kuiona mishipa ya ubongo kwenye picha ya radio. Katika miaka ya 1970, huko Moscow, Fedor Serbinenko alipitisha vijiputo vidogo ndani ya mishipa na kuviacha humo ili kuziba palipoharibika. Njia ilikuwa imeonekana, lakini kifaa kizuri kilikuwa bado. Puto lina umbo lake, na kifuko kina umbo lake, havikulingana vizuri.

Uzi wa platini

Aliyepata jibu ni Guido Guglielmi, daktari Mwitaliano wa upasuaji wa ubongo. Akiwa bado Italia alikuwa akifanya majaribio ya kugandisha damu ndani ya kifuko kwa umeme mdogo. Aliona kwamba umeme huo unaweza kuyeyusha kidogo chuma cha waya mpaka ncha yake ikatike na kubaki ndani. Baadaye, huko Los Angeles, pamoja na wenzake, aliligeuza jambo hilo kuwa kifaa: uzi laini wa platini, mwembamba kama unywele, uliojikunja kama chemchemi, uliofungwa kwenye waya wa kuusukuma. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa nao mwaka 1990. Mwaka 1995 serikali ya Marekani ilikubali utumike.

Tuwaeleze jinsi kazi inavyofanyika, kama daktari alivyotueleza akichora ubaoni.

Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari hatoboi kichwa. Hutoboa tundu dogo kwenye mshipa wa kinena, pale juu ya paja, au siku hizi kwenye kifundo cha mkono. Huingiza mrija laini na kuupandisha kupitia tumboni, kifuani, mpaka shingoni, huku akiangalia njia yote kwenye kioo cha mashine ya radio. Ndani ya mrija huo hupitisha mrija mwingine mwembamba zaidi, na huo ndio unaoingia ndani ya kifuko chenyewe.

Sasa uzi wa platini husukumwa polepole. Ukitoka kwenye mrija hujikunja wenyewe, kama uzi wa kufuma unaorudi kuwa mviringo. Daktari akiridhika kwamba umekaa vizuri, huukata kwa umeme mdogo, naye huingiza mwingine. Uzi wa kwanza hutengeneza kikapu, na nyuzi zinazofuata hukijaza. Damu ikikosa nafasi ya kuzunguka humo, inatulia na kuganda. Kifuko kinazibika kutoka ndani, na damu inaendelea na safari yake kwenye mshipa kama kawaida. Kazi yote huchukua saa chache. Kinachobaki kwa nje ni alama ndogo kwenye kinena.

Kuna vifuko vyenye mdomo mpana ambavyo uzi ungeanguka kutoka ndani. Kwa hivyo kuna vifaa vya kusaidia. Madaktari wa Ufaransa, wakiongozwa na Jacques Moret wa Paris, walizoesha kuvimbisha puto dogo mbele ya mdomo wa kifuko wakati wa kuingiza uzi, kisha kulitoa. Kuna stenti, yaani bomba dogo la wavu linalobaki ndani ya mshipa kama boriti. Kuna pia stenti zenye wavu wa karibu sana unaoigeuza damu isiingie kifukoni. Mojawapo inayojulikana imefumwa kwa nyuzi za platini na za mchanganyiko wenye kobalti. Hatuwezi kujua kobalti hiyo ilitoka kwenye shimo gani, lakini kila Mkongomani anajua ni nchi gani inayotoa kobalti nyingi kuliko zote duniani.

Ila stenti ina sharti lake. Anayewekewa lazima anywe dawa za kuzuia damu isigande, na dawa hizo ni hatari kwa mtu ambaye ametoka kuvuja damu kichwani. Ndiyo maana kwa kifuko kilichokwisha kupasuka, madaktari huanza kwanza kufikiria uzi peke yake, au uzi pamoja na puto.

Ni njia ipi iliyo bora?

Swali hili lilijibiwa kwa kipimo kikubwa kilichoongozwa kutoka Oxford, Uingereza. Wagonjwa 2,143 waliopasukiwa na anevrizimu, ambao madaktari waliona wanafaa kwa njia zote mbili, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine kibanio, wengine uzi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wamekufa au hawawezi kujitunza wenyewe walikuwa takriban 31 kati ya 100 kwa upande wa kufunguliwa fuvu, na takriban 24 kati ya 100 kwa upande wa uzi.

Watu saba kati ya mia si jambo la kupuuza, kwa kuwa kila mmoja ni mama au baba wa mtu. Lakini tusome namba hizo zote. Hata kwa njia iliyo bora, karibu robo hawakupona vizuri. Na waliowekewa uzi walihitaji kurudi kuangaliwa, kwa sababu uzi unaweza kubanana na kuacha nafasi, na kifuko kikahitaji kujazwa tena. Uzi huzuia mpasuko wa pili. Haufuti madhara ya damu iliyokwisha kumwagika.

Baada ya kifuko kuzibwa, vita vinaendelea. Kati ya siku ya 4 na ya 14 hivi, mishipa ya ubongo hukasirishwa na damu iliyomwagika, hujikaza, na sehemu ya ubongo inaweza kukosa chakula chake. Mgonjwa hupewa vidonge vya nimodipini kwa siku 21 na kuangaliwa kila saa. Wengine maji hujaa kichwani na huwekewa mrija wa kuyatoa. Kwa hiyo uzi wa platini bila wauguzi wa kukesha hautoshi.

Mwanamke aliyesahau jina lake

Emilia Clarke ni mwigizaji wa Uingereza. Mwaka 2011, akiwa na miaka 24, alikuwa akifanya mazoezi ya mwili huko London. Alihisi kichwa kinabanwa kana kwamba kamba inakazwa kukizunguka, akajikokota mpaka chooni, akatapika. Ilikuwa anevrizimu iliyopasuka. Ilizibwa kwa uzi kupitia kinena, bila kufungua fuvu.

Majuma machache baadaye, muuguzi alimuuliza jina lake, naye hakuweza kulitaja. Maneno yasiyo na maana ndiyo yaliyotoka. Yeye ambaye kazi yake ni kusema aliogopa kwamba maisha yake yamekwisha. Baada ya siku kadhaa maneno yalirudi.

Alikuwa na kifuko kingine upande wa pili, kikawa kinaangaliwa. Mwaka 2013, huko New York, kilionekana kimeongezeka ukubwa mara mbili. Walijaribu tena kwa uzi, lakini mara hii haikufaulu: damu ilivuja kwa wingi, na ikabidi fuvu lifunguliwe haraka ili kumwokoa. Aliishi, akaendelea na kazi, na mwaka 2019 aliandika habari hizo mwenyewe.

Tunamtaja kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa huu haumpendelei maskini wala tajiri, Mzungu wala Mwafrika. Hakuna aliyesema kwamba shangazi yake alimroga. Pili, uzi unaokoa, lakini si wa miujiza. Aliokolewa na hospitali yenye njia zote mbili chini ya paa moja.

Na sisi wa hapa?

Hapa ndipo binti alipotuuliza swali la pili: je, mama angeokolewa?

Tuseme ukweli. Kuingiza uzi wa platini kunahitaji chumba chenye mashine ya radio inayoonyesha mishipa papo hapo, daktari aliyesomea kazi hiyo miaka mingi, na vifaa ambavyo kila kimoja kinauzwa kwa mamia ya dola. Mgonjwa mmoja anaweza kuhitaji kadhaa. Katika eneo letu la Afrika kazi hii inafanyika Nairobi na Dar es Salaam. Familia zenye uwezo husafiri mpaka India. Kwa muuza unga wa Kadutu, safari hiyo ni ndefu kuliko umbali wake kwenye ramani.

Lakini kati ya «hakuna chochote» na «uzi wa platini» kuna hatua nyingi, na mwenzetu hakupata hata moja. Skaneri siku ya kwanza ingeuonyesha ugonjwa. Kushusha tansiyo kwa kipimo, kutuliza maumivu, kulala bila kunyanyua kitu kizito, na kuangaliwa hospitalini kungempa nafasi. Daktari wa upasuaji wa ubongo angeulizwa juu ya kibanio, kwani wapo katika miji mikubwa ya nchi kama Kinshasa na Lubumbashi, ingawa ni wachache. Na familia ingekuwa na siku kumi na mbili za kuamua na kutafuta, badala ya usiku mmoja.

Kwa hiyo jibu letu kwa binti lilikuwa hili: hatujui kama angeokolewa. Tunajua kwamba alikuwa na nafasi, na kwamba ilipita mbele ya macho yetu sote.

Mambo tuliyokubaliana

Katika mkutano wetu wa mwisho tulikubaliana haya, na tunaomba kila familia iyabandike ukutani:

1. Maumivu ya kichwa yaliyofika kileleni kwa dakika moja au chini yake, ambayo mgonjwa hajawahi kuyapata, ni safari ya hospitali kubwa siku hiyohiyo, hata kama yamepungua, hata kama kipimo cha malaria ni ndiyo.

2. Usimpe aspirini wala ibuprofeni. Zinaweza kuzidisha kuvuja damu. Asiye na fahamu asipewe chakula, maji wala dawa mdomoni. Mlaze kwa ubavu.

3. Mwambie daktari saa yalipoanza, alikuwa akifanya nini, na kama kuna ndugu aliyekufa kwa namna hiyo. Uliza: je, anahitaji skaneri? Skaneri ikiwa safi, je, maji ya mgongo yaangaliwe?

4. Damu ikionekana, uliza mapema ni hospitali gani inayoweza kuziba kifuko, kwa kibanio au kwa uzi, na namna ya kumsafirisha akiwa na muuguzi.

5. Pima tansiyo. Mashine ya chama inapatikana kila Alhamisi kabla ya mkutano. Anayepewa dawa za tansiyo asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Tupunguze chumvi, na wanaovuta sigara waache.

6. Katika likelemba yetu, sehemu ndogo ya kila mchango itawekwa kando kwa ajili ya skaneri ya haraka. Atakayeihitaji hatangoja zamu yake.

Tulilomjibu binti

Alhamisi iliyofuata, daktari alimweleza binti mbele yetu wote picha ile ya skaneri, ambayo familia ilikuwa bado inaihifadhi ndani ya bahasha. Alimwonyesha weupe wa damu katikati ya kijivu cha ubongo. Alimwambia kwamba damu iliyokaa namna ile, bila mtu kupigwa, kwa walio wengi hutoka kwenye anevrizimu, na kwamba mpasuko wa kwanza ulikuwa ule wa Jumatatu sokoni.

Binti aliuliza kama naye atakufa hivyo. Daktari alimjibu kwamba ndugu mmoja tu akipatwa, hatari ya watoto huongezeka kidogo, lakini ni ndogo. Asivute sigara, apime tansiyo, na aseme habari za mama yake kila anapokwenda kwa daktari.

Kisha aliiomba bahasha ile. Siku ya Jumapili, akina mama watatu wa chama chetu walimsindikiza mpaka nyumba aliyojificha shangazi, upande wa Bagira. Aliketi karibu na yule mama mzee, akaitoa picha, akamweleza kama alivyoelezwa. Mzee aliishika kwa muda mrefu. Halafu akasema kwamba pesa alizoomba wiki ile zilikuwa za dawa zake za tansiyo.

Shangazi sasa amerudi nyumbani kwake. Dawa zake za mwezi huu zimelipwa na chama. Kama katika mtaa wako kuna mama mzee anayenyoshewa kidole kwa sababu ya kifo cha ghafla, mpelekeeni familia kijarida hiki, wakisome pamoja.

Tunawatakia juma jema. Tukutane Alhamisi, na mje mapema kidogo kwa ajili ya tansiyo.